Kaka aliyenisomesha anachanganya maneno ya Kiingereza, na mimi ndiye niliyeambiwa nimsahihishe

Assalamu alaykum Mama Mshauri. Shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mzaliwa wa Wete, Pemba. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Kazi hii nimeipata kwa mkono wa kaka yangu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilipia ada ya chuo, akanichukua kwake, na hadi leo nalala chumba kimoja na wanawe wa kike. Wifi yangu hajawahi kunibagua, wala hakati nguo za Sikukuu za watoto wake akanisahau mimi. Sina la kusema juu ya watu hawa ila kheri.

Kaka ni mkuu wa mapokezi. Aliacha skuli mapema, akaanza hotelini kwa kuosha vyombo, akapanda kuwa mhudumu wa meza, hadi akafika alipo kwa ulimi wake. Kiingereza anakisema bila kusita, Kiitaliano pia, na wageni wanaorudi kila mwaka humuulizia yeye kabla ya kuuliza chumba. Tatizo huja anaposhika kalamu. Maandishi yote ya hoteli yanatoka kwake: majibu ya barua pepe, menyu, kadi za mezani, vibao vya milangoni. Na humo maneno ya Kiingereza yanayofanana yameingiliana.

Juu ya mlango wa ukumbi wa kulia pameandikwa "Dinning Room". Kwenye menyu, vile vitamu vinavyoletwa baada ya chakula vimeitwa "Deserts", yaani majangwa. Barua pepe zinaanza kwa "Dear costumer". Haya nilikuwa nayaona nikinyamaza. Yamenishinda mawili.

La kwanza ni "massage". Tuna jibu la tayari ambalo hupelekewa mgeni akiuliza jambo usiku, na chini yake kuna jina langu kwa sababu zamu ya usiku mara nyingi ni yangu. Kaka alikusudia kuandika kwamba ujumbe wako utaupata ukifika. Alichoandika ni "I will give you massage when you arrive". Mgeni mmoja mwanamume alipofika akaniuliza, mbele ya wapagazi na wageni wenzake, ile masaji niliyomuahidi ni saa ngapi. Sijui kama alifanya mzaha au alisadiki. Mama Mshauri, mimi ni mtoto wa watu, nimechumbiwa, na mchumba wangu ana jamaa zake wanaofanya kazi hapo hapo. Nilitahayari hata nikashindwa kumpa ufunguo wake.

La pili ni kadi za mezani. Chakula kisichotiwa maziwa kimeandikiwa "diary free". Mama mmoja aliyekuja na mtoto ambaye hali chochote chenye maziwa aliishika ile kadi, akaigeuza, akaniuliza inamaanisha nini hasa. Nikamwita mpishi akamweleza. Mtoto hakudhurika kwa sababu mama yake aliuliza.

Sasa mwenye hoteli anataka vibao vipya vya mbao vichongwe na menyu mpya ipigwe chapa. Aliniita pembeni akaniambia: wewe umesoma, yapitie maandishi haya kabla hayajaenda kwa fundi, na usimwambie kaka yako. Orodha ameiandaa kaka mwenyewe, na nimeyakuta yale yale. Hata "complimentary breakfast" ameiandika kwa "i" katikati, wakati najua ni "complementary" kwa "e", kwa maana chai ya asubuhi inakamilisha malipo ya chumba.

Nikisahihisha kimya kimya, ataona vibao vikija. Nikimpa mwenye hoteli orodha ya makosa, nimemuuza ndugu yangu. Nikinyamaza, makosa yatachongwa kwenye mbao na jina langu litabaki chini ya zile barua. Nilimpigia simu mama, akanijibu kwa maneno machache: "Aliyekuvika nguo usimvue zake." Kisha akalia, na mimi nikalia.

Na kuna hili pia. Mimi mwenyewe bado "quite" na "quiet" vinanichanganya, "lose" na "loose", "advice" na "advise". Nina haki gani ya kumsahihisha mtu? Nifanye nini? Na je, kuna njia ya kuyatenganisha maneno haya ambayo mtu mzima anaweza kujifunza bila kurudi darasani?

Msichana wa Wete

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nimeisoma barua yako na kuirudia. Unaniuliza juu ya herufi, lakini ndani ya herufi hizo kuna deni la wema kwa mtu aliyekulea ukubwani, kuna jina lako linalosafiri na maneno usiyoyaandika, na kuna mtoto wa mgeni ambaye kadi ya mezani ingeweza kumuumiza. Juu ya yote hayo umetwishwa siri na bosi wako. Mambo manne haya yamekujia kwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu unayaona kama jambo moja lisilo na mlango. Nataka tuyatazame moja moja, kwa sababu si yote yenye uzito sawa, na si yote yanayomgusa kaka yako.

Kwanza nikuulize: unadhani kaka yako anakosea kwa nini? Katika barua yako naona kama umeshaamua kwamba ni kwa kutosoma. Mimi naona vingine. Kaka yako amejifunza Kiingereza kwa sikio, mezani, kwa kusikiliza wageni wakiagiza. Na Mswahili akisikia neno, analiandika kama alivyolisikia, kwa sababu lugha yake imemzoesha hivyo. Kiunguja chetu ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 katika mkutano wa Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia namna moja ya kukiandika kwa herufi za Kirumi. Tahajia yetu bado ni changa, na inafuata ulimi: "a" ni "a" popote utakapoikuta.

Kiingereza kimepita njia nyingine. William Caxton alianza kupiga chapa vitabu Westminster mwaka 1476, wakati ambapo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mabadiliko yaliyochukua karne kadhaa. Maandishi yakaanza kushika umbo lake mapema, matamshi yakaendelea na safari. Ndiyo maana leo wanaandika "knife" na "k" wasiyoitamka. Mtu anayelitegemea sikio lake katika lugha ya namna hiyo atasema vizuri na kuandika vibaya, na wala hilo halipingani. Wewe uliyekipata zaidi kwa daftari una shida nyingine: unaweza kuandika neno sawasawa na usiwe na hakika nalo ukilisikia. Ninyi wawili mkikaa meza moja, kila mmoja ana nusu ambayo mwenzake hana.

Tena kompyuta haikumsaidia. Programu nyingi za kukagua tahajia humpigia mtu mstari mwekundu pale neno linapokuwa halipo katika kamusi. "Desert" lipo. "Diary" lipo, ni daftari la kumbukumbu za kila siku. "Massage" lipo. "Costumer" nalo lipo, ni mtu anayeshona au kuandaa mavazi ya maigizo. Kaka yako hakuona mstari mwekundu, akaamini yuko salama, na wengi wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni huangukia papo hapo kila siku.

Sasa nije kwenye "complimentary", mwanangu, na hapa unisikilize kwa utulivu. Kaka yako ameandika sawa. Kitu anachopewa mgeni kwa hisani, bila malipo ya ziada, huandikwa kwa "i": "complimentary breakfast", "complimentary water". "Compliment" ya "i" ni sifa njema au maneno ya heshima, na ndipo maana ya zawadi ya hoteli ilipotoka. Ile ya "e", "complement", ndiyo ya kukamilisha. Ikumbuke kwa "complete", ambayo nayo ina "e" mahali hapo. Fikra yako haikuwa ya ovyo, kwa kuwa maneno yote mawili chimbuko lake ni kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kujaza na kutimiza. Lakini ungeipeleka orodha kwa mwenye hoteli kama ulivyokusudia, neno sahihi la kaka yako lingechongwa vibaya kwa mkono wako. Sikuambii hili kukupunguza. Nakuambia kwa sababu linabadilisha namna unavyoweza kumwendea: una jambo la kweli la kumuuliza, na analijua kuliko wewe.

Uliniuliza njia ya kuyatenganisha. Ipo, na imelala katika Kiswahili chako mwenyewe. Maneno mengi ya Kiingereza tuliyoyachukua tumeyaandika kama tulivyoyasikia, kwa hiyo yamehifadhi irabu ambazo Kiingereza kinazificha. Sema "meseji" na "masaji". Meseji ina "e" mwanzo, na "message" ina "e" mwanzo. Masaji ina "a", na "massage" ina "a". Hutachanganya tena hata ukiandika na usingizi machoni. "Kastama" nayo inakusaidia kwa njia yake: silabi yake ya kwanza ni "kas", na sauti hiyo fupi ya "a" Kiingereza mara nyingi huiandika kwa "u", kama katika "bus" na "cup". Hivyo ni "customer", "u" kwanza. "Meneja" ana irabu baada ya "n", na "manager" pia. Ukiiacha irabu hiyo unapata "manger", ambalo ni hori la kulishia mifugo.

"Dining" ina siri ambayo ukiijua utafungua maneno mengi. Herufi mbili za konsonanti katikati ya neno la Kiingereza mara nyingi hukwambia kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. "Dinner" ina "n" mbili, irabu yake fupi. "Dining" ina "n" moja, na irabu yake inasikika "ai", kama katika "dine". Ukiiweka "n" ya pili unapata neno linalotokana na "din", makelele mazito yasiyokatika. Ndivyo ilivyo kwa "later", baadaye, na "latter", cha mwisho kati ya viwili vilivyotajwa. Na kwa "hoping" ya kutumaini na "hopping" ya kurukaruka kwa mguu mmoja. Kanuni hii ina maneno yanayoikimbia, Kiingereza hakina kanuni isiyokimbiwa, lakini itakufaa mara nyingi.

Kuhusu "dessert", kaka yako aliyehudumia meza miaka yote ile atalielewa kuliko mimi. Limetoka kwa Wafaransa, kwenye kitenzi chao "desservir", kuondoa vyombo mezani. Chakula kikiisha, mhudumu anaondoa sahani, ndipo vitamu vinaletwa. Ndani ya neno hilo mna "servir", ambayo ni ndugu wa "serve", na "s" ya pili ndiyo inayoianza "servir" hiyo. Jangwa halina mhudumu, lina "s" moja. Hata kwa kuyatamka yanatofautiana: jangwa hukazwa mwanzoni, kitamu hukazwa mwishoni.

"Dairy" ya maziwa ianze kwa "dai", na uihesabu pamoja na "hair" na "air". "Diary" ya daftari ianze kwa "dia", kama "dial". Na haya yako mwenyewe: "quiet", kimya, lina silabi mbili na linaishia kama "diet", "quite", kabisa au kiasi, lina moja na linaishia kama "white". "Lose", kupoteza, lina "o" moja kama wakati wake uliopita "lost", na "s" yake husikika "z". "Loose", kilicholegea, lina "o" mbili na "s" yake ni ya "sasa". "Advice" yenye "c" ni ushauri wenyewe, na ndani yake imo "ice", ambayo nayo ni jina la kitu. "Advise" yenye "s" inayosikika "z" ni kitendo cha kushauri. Yaandike katika sentensi za kazi yako, "the room is quiet", "please do not lose your key", kwa sababu neno likiwa peke yake hukimbia, likiwa ndani ya chumba na ufunguo hukaa.

Tahadhari moja kabla hujashika kalamu nyekundu: si kila tofauti ni kosa. Wamarekani huandika "color" na Waingereza "colour", na sehemu kubwa ya tofauti hizo ilikazwa na kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828. Ukikuta mojawapo katika maandishi ya kaka yako, usimhesabie. Kinachotakiwa ni hoteli ishike njia moja.

Nirudi kwenye moyo wa barua yako.

Lile la kadi ya maziwa nakuomba ulitenge na mengine. Hilo halina kaka wala dada. Mtu mwenye mzio wa maziwa anaweza kuumwa vibaya kwa kijiko kimoja, na kadi ile inasimama mezani usiku huu huu ninapokuandikia. Kulirekebisha hakuhitaji orodha, wala kikao, wala jina la aliyeliandika. Mpishi anaijua maana. Mkiketi naye mnaweza kuzibadilisha kadi kama jambo la jikoni, na kaka yako akiuliza, jibu ni lile la mama aliyeigeuza kadi mkononi. Sidhani kama atakasirika kusikia habari ya mtoto. Kama nimekosea juu yake, wewe unamjua zaidi.

Lile la jina lako nalo lina mlango wake. Hapo huombi kumsahihisha mtu, unaomba kitu kilicho chako. Unaweza kumwambia kaka: barua hii inatoka kwa jina langu, na mgeni fulani aliniuliza hivi na hivi mbele za watu, naomba tuibadilishe. Umemficha habari hiyo, au anaijua? Barua yako haisemi. Nimejiuliza sana, maana ndugu wa kiume wa kwetu akisikia kwamba dada yake ameulizwa swali la namna ile kwa sababu ya herufi moja, mara nyingi atakuwa wa kwanza kuifuta. Lakini pia anaweza kujiona yeye ndiye aliyekufedhehesha, na aibu ya namna hiyo wakati mwingine hutokea kwa sura ya hasira. Ukimwambia, uwe tayari kwa zote mbili.

Linabaki la vibao na siri ya mwenye hoteli. Umeona kama amekutega. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba naye anamstahi kaka yako na hakutaka kumwambia uso kwa uso mtu aliyemjengea jina la hoteli. Kauli "usimwambie" hutamkwa kwa hila, na hutamkwa kwa kusitiri, na wewe hukumuuliza ni ipi. Una njia ya kumrudia na kumwambia kwa adabu kwamba kazi utaifanya, lakini kufanya nyuma ya mkuu wako ambaye pia ni kaka yako kunakuwia vigumu, na ungependa wote wawili mpewe jukumu la kuyapitia. Faida yake ni kwamba hakuna anayeuzwa. Hatari yake ni kwamba bosi anaweza kukuona mzito wa kuaminiwa, au akaona upenyo wa kumpa kazi mtu wa tatu ambaye hatakuwa na huruma na kaka yako.

Kusahihisha kimya kimya kuna utulivu wa leo. Vibao vitakuja vizuri na wageni hawatajua. Ila kaka yako aliiandika orodha kwa mkono wake, na siku ya kuvitundika atasimama chini yake akisoma. Akigundua hapo, mbele ya fundi na wafanyakazi, itakuwa ndiyo ile aibu uliyotaka kumwepusha, na utakuwa huna nafasi ya kumweleza. Tena majibu ya barua pepe yataendelea kutoka mkononi mwake kama kawaida.

Kumwambia faraghani kuna thamani yake na kuna bei yake. Mahali ni swali. Nyumbani kuna watoto na wifi yako, kazini kuna masikio. Wapo wanaotumia safari ya gari la kwenda kazini, wapo wanaopitia kwa wifi kwanza. Wifi anayekukumbuka wakati wa kukata nguo za Sikukuu huenda akajua saa ambayo mumewe husikiliza. Kwa upande mwingine, mume akihisi kwamba ameshazungumzwa na wanawake wawili kabla ya yeye kuambiwa, anaweza kujifunga. Hilo mimi siwezi kulipima nikiwa mbali. Nachoweza kukuambia ni kwamba swali huingia mahali ambapo sahihisho hugonga. "Kaka, hii complimentary ina i au e? Mimi nilikuwa naikosea" ni mazungumzo yanayoweza kufika hadi kwenye "dining" bila mtu kuinua sauti.

Na jambo ambalo hukuligusa: unaishi chini ya paa lake. Mazungumzo yakiharibika kazini, jioni mnakula sahani moja. Je, una jamaa mjini au shamba ambako ungeweza kulala siku chache watu wakapoa? Sisemi utafukuzwa. Nasema ni vyema ujue kabla hujafungua kinywa, ili usije ukaongea kwa hofu ya pa kulala. Na mchumba wako, ameisikia habari ya masaji kutoka kwako au ataisikia kutoka kwa jamaa zake wa hotelini? Hiyo nayo ina wakati wake, na wakati huo haukungoji.

Mama yako amesema usimvue nguo aliyekuvika. Ni neno zito na mimi siwezi kulitengua. Lakini nakuuliza umuulize yeye: kumwambia mtu faraghani kwamba kifungo chake kimeachia, ni kumvua au ni kumsitiri? Na machozi yake huenda hayakuwa ya Kiingereza. Mzazi aliyeko Wete akiwaza binti yake anagombana na mtu anayemlaza, anawaza mengi ambayo simu haiwezi kuyasema. Mpigie tena, na safari hii mwanzie na habari ya yule mtoto na ya jina lako, kwa sababu nina shaka kwamba alichosikia mara ya kwanza ni kwamba unataka kumsema kaka yako kwa bosi.

Umeuliza una haki gani, ilhali na wewe unakosea. Sijui kama haki ya kusema hupatikana kwa kutokosea. Ingekuwa hivyo, hoteli zote za pwani hii zingekaa bila kibao. Kinachokutofautisha kwa sasa ni kwamba umeona, na umeombwa. Ufanye nini na kuona huko ni wewe na moyo wako, na utakalolichagua litakuwa na maumivu yake kidogo.

Kwa vibao vyenyewe, njia yoyote utakayoishika, uliza fundi anaanza lini. Mchongaji hunakili herufi anazopewa, hana kazi ya kujua maana, na mbao ikishatiwa patasi haifutiki. Mwombe achore kila neno kwa penseli kwanza, kisha mlisome herufi moja moja kwa sauti mkiwa wawili, wewe na yeyote utakayekuwa umeamua kusimama naye, na kamusi iwe wazi mezani.